Skramu na Majalada ya FBI

Kazi ya kutunga programu za kompyuta yafanana na ujenzi kwa jina tu. Mwenye nyumba hupita jioni akaona matofali yamefika wapi. Bali mwenye programu aweza kungoja miaka mitatu, kila mwezi akiambiwa kuwa mambo yaenda vema, na siku ya kukabidhiwa ufunguo akaona nyumba haina mlango. Nataka kueleza habari za nyumba mbili za namna hiyo, zote za Idara ya Upelelezi ya Marekani, yaani FBI. Ya kwanza ilianguka. Ya pili iliokolewa ilipokuwa imekwisha kuinama.

Tangu mwaka wa 1995 idara hiyo ilikuwa na chombo cha kompyuta cha kutunzia habari za kesi, lakini kilikuwa kizito, na wapelelezi wengi waliendelea kutegemea karatasi. Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ziko mbali naye: wapelelezi wa idara hiyo hiyo ndio waliokuja Nairobi na Dar es Salaam baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti, 1998. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, udhaifu wa chombo kile ulidhihirika mbele ya taifa zima. Programu mpya, Virtual Case File, ilikuwa imekwisha agizwa mwaka ule ule. Mahitaji yake yaliandikwa katika waraka wa kurasa zaidi ya 800, na hata hivyo mabadiliko yaliombwa kwa mamia. Ilipokabidhiwa Desemba 2003 haikukubalika, na mwaka wa 2005 iliachwa kabisa, dola milioni 170 zikiwa zimeteketea.

Kosa lilikuwa la nani? Wengi walilaumu kampuni, wengine idara. Mimi naona lawama kubwa yaangukia desturi ya zamani ya kuagiza yote kwanza na kutazama mwishoni. Desturi hiyo huitwa maporomoko ya maji, kwa kuwa kazi hushuka ngazi kwa ngazi wala hairudi juu. Yashangaza kwamba Winston Royce, aliyechora mfano wa ngazi hizo mwaka wa 1970, alionya papo hapo kuwa kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Watu walishika picha wakaacha maneno.

Skramu ilizaliwa kwa kuikataa desturi hiyo. Neno latoka katika mchezo wa raga, ambamo wachezaji hushikana mabega wakasukumana kugombea mpira. Mwaka wa 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika kwamba kubuni kitu kipya kusiwe kama mbio za kupokezana kijiti, bali timu nzima iende na mpira pamoja. Jeff Sutherland aliutumia mfano huo katika programu mwaka wa 1993, na mwaka wa 1995 yeye na Ken Schwaber waliueleza hadharani. Kanuni zake ni chache. Mtu mmoja hupanga mahitaji kwa kadiri ya thamani yake; timu ndogo huchukua machache, huyafanyia kazi kwa majuma machache, hukutana kila siku kwa dakika zisizozidi 15, na mwishoni huonyesha kitu kinachofanya kazi, si maelezo ya kitu.

Twarudi Marekani. Machi 2006 FBI iliagiza programu ya pili, Sentinel, kwa kampuni ya Lockheed Martin. Ilitazamiwa kumalizika Desemba 2009. Katikati ya mwaka wa 2010 dola milioni 405 kati ya milioni 451 zilikuwa zimetumika, na sehemu mbili tu kati ya nne zilikuwa zimekabidhiwa. Wachunguzi wa nje walikadiria kuwa kumalizia kungetaka miaka sita na dola milioni 351 zaidi. Chad Fulgham na Jeff Johnson, wakuu wa kompyuta wa idara, waliitwaa kazi mikononi mwao. Watu walipunguzwa kutoka mamia hadi wasiofika hamsini, wakawekwa pamoja katika ghorofa ya chini ya makao makuu, na kila majuma mawili walionyesha walichokitenda mbele ya wale watakaokitumia.

Isisemwe kwamba mambo yalinyooka. Jaribio la Oktoba 2011 lilifichua kuwa mitambo ya zamani haikuweza kubeba programu mpya, na tarehe ya kumaliza ilisogezwa tena. Lakini safari hii aibu ilionekana mapema, ikatengenezwa. Wala sifa zote si za skramu: kazi ilikwisha kuvuka mikono ya mkandarasi ikarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na amri ya kukata neno siku ile ile. Bila amri hiyo, sidhani mikutano ya dakika 15 ingefaa kitu.

Sentinel ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2012. Miaka miwili baadaye wakaguzi waliwauliza watumiaji, na wengi waliisifu. Ila katika kutafuta habari, ambako ndiko taabu yote ilikoanzia, asilimia 42 tu ya waliotumia sehemu hiyo walisema kwamba mara nyingi hupata walichokitaka.