Kikaimu, si Kiigizaji

Orodha mpya ya istilahi za kompyuta imenifikia, na ndani yake emuleta, programu inayoshika kazi ya mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, imetafsiriwa kuwa "kiigizaji". Waandaaji wameongeza na mfano wa matumizi: "kiigizaji cha muziki wa Commodore 64". Mfano huo ndio ulionifanya nishike kalamu, maana wameichagua kazi ile ile inayolikana neno lao. Kuigiza ni shughuli ya jukwaani. Mwigizaji akivaa joho la hakimu na kumhukumu mwenzake miaka kumi, pazia likishuka wote wawili wanakwenda zao nyumbani. Kaimu hakimu akitoa hukumu hiyo hiyo, mshtakiwa analala gerezani. Programu inayopiga leo muziki ulioandikiwa kompyuta ya Commodore 64 mwaka 1985 ni ya aina hii ya pili, na jina linaloistahili kwa Kiswahili ni kikaimu.

Pendekezo hili si la jana. Nililiwasilisha kwa maandishi mbele ya kamati moja ya istilahi, pamoja na mnyambuliko wake wote na hoja zake. Jibu lililorudi lilikuwa sentensi moja: neno halijazoeleka. Je, kiigizaji, kwa maana ya programu, kilizoeleka lini, na kwa nani? Istilahi huzoeleka baada ya kuchapishwa, kufundishwa na kutumiwa. Kamati inayosubiri neno lizoeleke kwanza ndipo ilipokee imeikimbia kazi iliyoundiwa. Hoja zangu hazikujibiwa hata moja, kwa hiyo naziweka hapa mbele ya wasomaji.

Tuanze na asili, kwa kuwa wapinzani wangu hawakuanzia huko. Kilatini kina vitenzi viwili ambavyo watu wetu wanavichanganya. Aemulari ni kushindana na mtu kwa nia ya kumfikia. Aemulus ni mshindani, anayetaka kusimama pale aliposimama mwenziwe. Simulare hutokana na similis, "kinachofanana", nayo maana yake ni kufananisha, hata kujifanya. Wahandisi wa IBM walipolichukua neno la kwanza mwaka 1963, wakiandaa mashine za System/360 zilizotangazwa mwaka uliofuata, walikuwa na shida mahususi. Wateja wao walikuwa na programu zilizoandikwa kwa mashine za zamani kama 1401, na hawakuwa tayari kuziandika upya. Mashine mpya ilipaswa kupokea amri zile zile, moja baada ya nyingine, na kuzitekeleza. Hakuna aliyedai ifanane na 1401. Walichodai ni ishike kazi yake bila mwenye programu kubadili chochote. Simulesheni nayo ibaki na uigaji, wala sina ugomvi hapo: kompyuta ya mtabiri wa hali ya hewa huiga mawingu, na mezani hapalowi. Lakini anayezilaza dhana hizi mbili chini ya mzizi mmoja wa -iga anafuta mpaka ambao wenye fani wameutunza kwa miaka zaidi ya sitini.

Kiswahili kimekuwa na neno la kuulinda mpaka huo muda wote. Kaimu limetoka katika Kiarabu, qāʾim, "aliyesimama", na kwa ukamilifu wake qāʾim maqām, "aliyesimama mahali pa mwingine". Dola ya Uthmania ililifanya cheo, na Uturuki mpaka leo mkuu wa wilaya huitwa kaymakam. Mzizi wake wa q-w-m umetuzalia ukoo mzima. Makamu ni maqām, mahali pa kusimama. Kiyama ni siku ya kusimama wafu. Kima ni thamani, kile ambacho kitu kinasimama nacho sokoni. Kaumu ni watu waliosimama pamoja. Takwimu nayo ni ya mzizi huo huo, na hakuna mwanakamati anayeiogopa takwimu kwamba haijazoeleka. Kaimu basi ni ndugu wa maneno ambayo kila karani anayaandika na kila mtangazaji anayasoma.

Tazameni pia jinsi wasemaji wenyewe walivyowagawia ndugu hawa kazi. Makamu wa Rais yupo wakati Rais yupo. Kaimu anakuja pale kiti kinapokuwa wazi: mkurugenzi amestaafu, amehamishwa au amefariki, na barua zinaendelea kuletwa. Kaimu anazifungua, anazijibu, anatia saini, na saini yake ina nguvu ile ile. Kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994. Chipu zake za sauti hazitengenezwi tena, na zilizobaki zinakufa moja moja. Kiti ki wazi, na barua bado zinaletwa.

Barua hizo ni zipi? Chipu ya SID, kwa namba yake MOS 6581, ilibuniwa na Robert Yannes katika kampuni ya MOS Technology, ikaingia sokoni ndani ya Commodore 64 mwaka 1982. Ilikuwa na sauti tatu, kila moja ikichaguliwa umbo la wimbi lake: pembetatu, msumeno, mapigo ya mraba au kelele, na kichujio kimoja cha kupitishia sauti hizo. Iliongozwa kwa rejista 29, kuanzia anwani 54272. Sauti ya kwanza ikishawekewa masafa yake, ukiandika 33 kwenye anwani 54276 inafunguka kwa wimbi la msumeno. Ukiandika 32 inaachiwa na kuanza kufifia. Rob Hubbard alipotunga muziki wa michezo ya Commando na Monty on the Run mwaka 1985, hakukabidhi sauti iliyorekodiwa. Alikabidhi programu: amri za kichakataji zinazoitwa mara 50 kwa sekunde, kila mara zikiandika namba mpya kwenye rejista hizo.

Ndiyo maana faili la SID mara nyingi ni kilobaiti chache, ilhali rekodi ya MP3 ya dakika tatu hukaribia megabaiti tatu. Hazina ya High Voltage SID Collection ina zaidi ya mafaili 50,000 ya namna hiyo, na kinachobebwa ndani yake ni maagizo. Maagizo yanahitaji wa kuyapokea. Programu ya PlaySID, iliyoandikwa na Per Håkan Sundell na Ron Birk mwaka 1990 kwa ajili ya kompyuta za Amiga, ilikalia viti viwili kwa pamoja: kiti cha kichakataji kinachosoma amri, na kiti cha chipu inayozigeuza kuwa sauti. Sidplay ya Michael Schwendt ikafuata katika miaka ya 1990, kisha reSID ya Dag Lem, ambayo mpaka leo imo ndani ya programu ya VICE. Katika programu zote hizo hakuna hata moja inayokumbuka wimbo ulisikikaje na kuurudia. Kila noti inafanyiwa kazi upya, kwa agizo la mtunzi, wakati unaposikiliza.

Kaimu wa kweli hurithi ofisi pamoja na kasoro zake, na hapa ndipo neno la wapinzani wangu linapovunjika kabisa. Rejista ya kiwango cha sauti, anwani 54296, ina ngazi 16 tu. Katika 6581, kila ngazi ilipobadilishwa chipu ilitoa mlio mdogo ambao haukutakiwa. Watunzi wakagundua kwamba ukizibadilisha ngazi hizo maelfu ya mara kwa sekunde, ile milio inaungana na kuwa sauti ya nne, hata ngoma zilizorekodiwa. Martin Galway aliitumia mbinu hiyo katika Arkanoid ya mwaka 1987. Toleo la baadaye la chipu, 8580, liliipunguza kasoro hiyo, na ngoma zile zikafifia hadi kusikika kwa shida. Programu inayokaimu 6581 lazima ikosee kama 6581 ilivyokosea, la sivyo muziki haupo. Kichujio nacho kilitofautiana kati ya chipu na chipu iliyotoka kiwanda kile kile, na anayeikaimu hana budi kusema anakaimu ipi.

Mapigo ya saa nayo ni hivyo hivyo. Mashine za Ulaya zilikwenda kwa mapigo 985,248 kwa sekunde, za Marekani 1,022,727. Namba 7493 ikiandikwa kwenye rejista za masafa, mashine ya Ulaya hutoa mtetemo wa 440 kwa sekunde, ile noti ya "la" inayotumiwa kulinganishia ala. Mashine ya Marekani ikipewa namba hiyo hiyo hutoa karibu 457, na wimbo mzima unapanda. Mwigizaji angerekebisha ili wasikilizaji wafurahi. Anayekaimu hana ruhusa hiyo. Anafuata saa ya ofisi aliyoikalia.

Nimesikia pingamizi tatu. La kwanza ni kwamba kaimu ni wa muda. Ni wa muda hadi mwenye kiti apatikane, na hapa mwenye kiti hatapatikana. Muda hauibadili kazi. La pili ni kwamba kiambishi ki- hakikai vizuri kwenye neno lenye asili ya Kiarabu. Hili limetoka kwa mtu anayejiita mtaalamu wa mofolojia, na linasikitisha. Kuhifadhi kumetoa kihifadhi, na hakuna aliyelalamika. Kukaimu kunatoa kikaimu kwa njia ile ile, bila irabu kuguswa. La tatu ni la wale wanaotaka tuseme emuleta basi yaishe. Sikatai maneno ya kukopa: katika makala haya nimesema kompyuta, programu na rejista bila kinyongo. Tarakilishi na ngamizi zilipoundwa, kompyuta ilizishinda katika vinywa vya wengi kwa sababu ilikuwa imeshafika. Emuleta haijafika. Wanaoitamka ni wachache, nusu yao wanaichanganya na simuleta, na haitupi kitenzi cha kunyambua. Kaimu liko vinywani tayari. Tunalihamisha kutoka ofisi ya wilaya kwenda kwenye programu, basi.

Kwa matumizi: kikaimu ni programu, wingi vikaimu, ukaimu ni kitendo, mashine ya zamani hukaimiwa, na mtu huikaimisha kwenye mashine mpya. Tuandike "VICE ni kikaimu cha Commodore 64", na tumwambie mwanafunzi alifungue faili la SID kwa kikaimu akichagua 6581 au 8580 kulingana na chipu aliyoikusudia mtunzi.

Waandaaji wa orodha ile wana toleo jingine mbele yao. Kabla halijakwenda mtamboni, nawataka wafanye jambo moja. Walifungue faili la Monty on the Run, wazifuate amri zake kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye rejista, halafu waoneshe kwa maandishi ni hatua ipi kati ya hizo iliyo maigizo. Wakiipata, wakiache kiigizaji chao mahali pake. Wasipoipata, wakifute na waandike kikaimu, na safari hii watoe sababu.