Elimu ya msingi wilayani Mafia

Elimu ya msingi wilayani Mafia inasimamiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Makao makuu yako Kilindoni. Wilaya ni ndogo (wakazi 46,438 mwaka 2012), lakini imegawanywa na bahari: mbali na kisiwa kikuu, watu wanaishi pia Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, kisiwa kilichopo upande wa delta ya Rufiji (kisichanganywe na kijiji cha Bwejuu, Unguja).

Muundo ni uleule wa Tanzania Bara. Afisa elimu wa wilaya yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, kila kata ina afisa elimu wake, na kila shule ina mwalimu mkuu na kamati yenye wazazi.

Ada ilifutwa mwaka 2001. Tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo iliondolewa, na ruzuku hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Hesabu hiyo hufuata idadi ya wanafunzi, si umbali. Hivyo shule ya kisiwani yenye watoto wachache hupata fedha kidogo, ingawa mwalimu mkuu wake akiitwa kikaoni Kilindoni hana budi kupanda chombo. Hata karatasi za mtihani wa darasa la saba, unaofanyika Septemba, huvushwa kwa mashua, na mara nyingine pepo za kusi huwa bado hazijatulia.