Swichi: Kutoka Lango la Umeme Hadi Mleta Habari

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyokwisha kupata uraia katika Kiswahili, "swichi" ni neno lisilomtatiza mtu. Hata hivyo, historia ya kifaa chenyewe yaonyesha kwamba vitenzi tunavyoliambatanisha nalo vyahitaji kuangaliwa upya. Katika makala haya tutaieleza historia hiyo kwa kutazama kazi moja: ujenzi wa chumba cha rubani cha kuigiza, ambacho wapenzi wa ndege hukijenga nyumbani na kukiunganisha na kompyuta.

Mashine za kuigiza urukaji hazikuanza na kompyuta. Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda na piano huko Binghamton, New York, alikamilisha yake mwaka 1929. Iliinama na kuinuka kwa mivukuto ya hewa, ufundi uleule wa vinanda. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipokuwa wakisafirisha barua, jeshi hilo lilinunua mashine 6. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa maelfu.

Mwaka 1937 Claude Shannon, katika tasnifu yake ya chuo, alionyesha kuwa mpangilio wa swichi waweza kufuata kanuni za mantiki. Saketi inayopitisha umeme aliipa alama ya 0, na isiyopitisha alama ya 1. Tangu hapo swichi ilikuwa pia njia ya kutoa habari. Mwaka 1982 programu ya Microsoft Flight Simulator, iliyotungwa na Bruce Artwick, iliwawezesha watu kuigiza urubani mezani kwa kibodi. Lakini kibodi si dashibodi ya ndege. Kwa hiyo baadhi yao walianza kufunga swichi za kushikwa kwa mkono.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Swichi ya ukutani hupitisha umeme uleule unaowasha taa. Swichi ya chumba cha kuigiza, aghalabu, hupeleka habari tu. Waya mmoja huenda kwenye pini ya bodi ya kielektroniki, na wa pili upande hasi. Penye volti 5 na rezista ya omu 10,000, mkondo ni nusu miliampea tu. Swichi ikikatwa, pini husoma 1. Ikiungwa, husoma 0. Taa ya ndege iwake au isiwake, ni programu inayoamua. Ili kupunguza waya, swichi 64 hupangwa katika safu 8 na mistari 8, zikatosha waya 16. Kila swichi huwekewa daiodi yake, kompyuta isije ikadhani imebonyezwa swichi ambayo haikuguswa.

Sasa tuviangalie vitenzi. Wengi wetu husema "fungua redio" kwa maana ya kuiwasha, kama tusemavyo "fungua bomba". Lakini katika fizikia saketi "iliyofungwa" ndiyo inayopitisha umeme. Mwanafunzi akiambiwa "funga swichi", aweza kutenda kinyume kabisa cha alivyoagizwa. Penye volti 5 atapoteza jioni nzima akitafuta kosa. Penye umeme wa nyumba aweza kupoteza maisha.

Kadhalika, iko swichi inayokaa pale ilipoachwa, na iko inayorudi kidole kikiondoka. Programu ikianza na taa imezimwa hali swichi inayokaa iko juu, mkono na kompyuta havitakubaliana. Tena wenzo wa magurudumu wa Boeing 737-800 una mikao mitatu. Huo "kuwasha" na "kuzima" haviutoshi hata kidogo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba "kuunga" na "kukata" vitumike kwa saketi. "Kuwasha" na "kuzima" vibaki kwa taa, injini au chombo kingine kinachofanya kazi. Na "swichi ya kukaa" itengwe na "swichi ya kurudi". Maneno yote hayo tunayo tayari, wala hapana haja ya kuazima. Linalotakiwa kwa mfasiri na mwalimu ni kujiuliza kwanza, kabla ya kuandika agizo: je, swichi hii yapitisha umeme wa kazi, au yaleta habari tu?