Muhuri wa Risasi na Akiba ya Dizeli

Pampu ya dizeli ya zamani ilitoka kiwandani ikiwa na skrubu moja ambayo mwenye gari hakutakiwa kuigusa. Skrubu hiyo ndiyo iliyoamua kiasi cha juu kabisa cha mafuta ambacho nozeli zingepata dereva akikanyaga pedeli hadi chini, na ilifungwa kwa waya mwembamba wenye kipande cha risasi kilichopigwa chapa. Waya ukikatwa, dhamana imekufa. Mafundi waliukata hata hivyo, Ulaya, Japani na Afrika, maana robo mzunguko wa bisibisi uliweza kulifanya lori lililokuwa likikokota mlimani lipande bila kubadilisha gia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa laptopu na waya unaochomekwa chini ya usukani, na wanaoiuza huizungumzia kana kwamba kompyuta ndiyo iliyoizaa. Sikubaliani nao. Nguvu inayopatikana kwa kupanga upya ramani ya injini, yaani namba zinazoiambia kompyuta inyunyize mafuta kiasi gani, haitokani na programu. Ilikuwemo ndani ya chuma tangu mwanzo, wahandisi wakaiweka akiba kwa sababu zao, na historia ya kazi hii ni mvutano mrefu juu ya nani ana haki ya kuitumia akiba hiyo na nani atailipia.

Chanzo chake ni tabia ya dizeli yenyewe. Rudolf Diesel alipata hataza mwaka 1893, na injini yake ilipopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza zaidi ya robo ya joto la mafuta kuwa kazi, ikaziacha mashine za mvuke nyuma sana. Sifa hiyo inajulikana. Isiyosemwa sana ni jinsi nguvu yake inavyodhibitiwa. Injini ya petroli hubanwa pumzi: dereva akiachia pedeli, kibati hufunga njia ya hewa. Dizeli ya asili haina kibati hicho. Huvuta hewa yote inayoweza, kila mara, na ukitaka nguvu zaidi unanyunyiza mafuta zaidi ndani ya hewa ileile. Mpaka uko kwenye moshi tu, kwa kuwa mafuta yanayoizidi hewa hutokea ekzosi yakiwa masizi. Kwa hiyo tangu kampuni ya Bosch ilipoanza kuunda pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na tangu Mercedes-Benz walipotoa gari dogo la 260 D mwaka 1936 likiwa na nguvu farasi 45, kila kiwanda kimelazimika kuamua kiishie wapi kabla ya moshi kuanza. Uamuzi wa namna hiyo hautoki kwenye sheria za fizikia. Umewekwa na mtu, na mtu mwingine anaweza kuuondoa.

Tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, ilipoingia, akiba ikazidi. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo lake mwaka 1905, ila wanunuzi wa magari madogo ya dizeli walisubiri hadi 1978, Mercedes walipoanza kuuza 300 SD huko Marekani. Sasa hewa nayo iliweza kuongezwa, na mafuta yakahitaji kuifuata. Namna pampu ya mzunguko ya aina ya VE ilivyolitatua jambo hili inastahili kutazamwa kwa karibu. Juu yake palikaa kikombe chenye kiwambo laini. Shinikizo la tabo hukibonyeza kiwambo, kiwambo hushusha pini yenye umbo la koni, na mteremko wa koni ndio unaoruhusu mafuta yaongezeke kadiri hewa inavyoongezeka. Koni hiyo haikuchongwa sawa pande zote. Ukiizungusha kidogo, mteremko unabadilika, na gari linaanza kuvuta mapema. Hiyo tayari ni ramani, ila imechongwa kwenye chuma. Nippondenso ya Japani ilitengeneza pampu za VE kwa leseni ya Bosch, na ndani ya Land Cruiser na Hilux zikafika Arusha, Mombasa na Bukavu, ambako fundi pampu ana heshima yake: ana meza ya kupimia, ana vioo vilivyopangwa safu kukinga mafuta ya kila nozeli, na hahitaji kuambiwa kwamba kuna mtu ameshaichezea pampu kabla yake. Atakayesema kuwa kugeuza skrubu si sawa na kupanga ramani ana ukweli nusu. Skrubu hupandisha mafuta kwa jumla, ilhali ramani huchagua ni katika kasi ipi na kwa mzigo gani yapande. Usahihi umeongezeka sana. Kinachochukuliwa ni kilekile.

Mwaka 1989 Audi walionyesha huko Frankfurt gari la 100 TDI, silinda tano, lita 2.5, nguvu farasi 120. Pampu ilikuwa bado ya mzunguko, lakini pedeli ilipeleka umeme kwa kompyuta, na kompyuta ikaamua kiasi cha mafuta. Kikombe na koni viligeuka kuwa majedwali ya namba ndani ya chipu. Chukua jedwali la kuzuia moshi. Upande mmoja kuna kasi ya injini, upande wa pili uzito wa hewa iliyoingia, na kila kisanduku kina miligramu za mafuta kwa pigo moja la pistoni. Tuseme silinda imevuta miligramu 850 za hewa. Mhandisi anayetaka sehemu 18 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta ataandika 47. Fundi anayeridhika na sehemu 16 ataandika 53. Tofauti ni miligramu sita, na tayari mafuta yameongezeka kwa zaidi ya asilimia kumi. Ugumu wa miaka ile haukuwa kwenye hesabu. Chipu ilibidi itolewe kwenye bodi kwa kuyeyusha risasi, isomwe, kisha namba mpya ziandikwe kwenye chipu nyingine, ambayo ilikuwa ya aina inayofutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha chake cha kioo. Tena majedwali humo ndani hayana majina. Fundi alikodolea macho maelfu ya namba akitafuta zile zinazopanda kwa mpangilio unaofanana na mafuta. Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997 ilipoleta nozeli zinazofunguliwa kwa umeme kutoka bomba moja lenye shinikizo la bar 1,350 hivi, shinikizo lenyewe likawa namba, pamoja na muda wa kunyunyiza. Yakabaki machache sana yasiyoweza kuandikwa upya.

Wateja wengi hushawishiwa na hoja kwamba viwanda vyenyewe huuza injini moja kwa nguvu mbili au tatu, na mwenye gari la bei nafuu amelipia chuma kilekile alicholipia tajiri. Hoja hii ina msingi. Kodi, bima na madaraja ya magari ya makampuni huko Ulaya yamewafanya watengenezaji wapunguze nguvu kwa namba tu, bila kubadilisha kitu kingine. Lakini si kila mara. Volkswagen ya lita 1.9 yenye nguvu farasi 110, ya miaka ya 1990, ilipewa tabo ya mapezi yanayogeuka ambayo ndugu zake wengi wa nguvu farasi 90 hawakuwa nayo. Aliyeandika namba za 110 kwenye injini ya 90 alikuwa akiidai tabo kazi ambayo haikuundiwa. Kisha kuna akiba isiyoonekana kwenye karatasi ya mauzo. Kiwanda kinauza gari hilohilo kwa mtu wa Norway kwenye barafu na mtu wa jangwani. Kinajua kuwa siku moja litajazwa mafuta yenye uchafu, chujio la hewa litaachwa bila kubadilishwa, na litavuta trela mlimani mchana wa joto kali. Nafasi iliyoachwa ni ya siku hiyo. Fundi anayeitumia yote akiwa kwenye barabara tambarare ya Bavaria hatamwona mteja wake akipanda mlima Sekenke na mzigo, klachi ikiteleza na ekzosi ikiwa nyekundu kwa moto.

Dai la kuokoa mafuta linahitaji tahadhari zaidi. Inawezekana dereva mwenye nguvu zaidi kwenye kasi ndogo ya injini akabadilisha gia mapema na kutumia kidogo, ila kwa mwendo uleule na mzigo uleule injini bado inahitaji nishati ileile. Ushahidi unaoletwa kwa kawaida ni kipimo cha kwenye dashibodi, na hapo ndipo pa kutilia shaka. Kipimo hicho hakipimi mafuta yanayopita. Hujumlisha kiasi ambacho kompyuta inaamini imeagiza. Fundi akirefusha muda wa kufunguka kwa nozeli bila kubadilisha kiasi kilichoandikwa, nozeli zinatoa zaidi na dashibodi inaendelea kuonyesha kidogo. Pampu ya kituoni ndiyo itakayomwambia mwenye gari ukweli.

Wakati huohuo kufuli za kuzuia ramani isiguswe zilikuwa zikibadilika. Chipu za kuyeyushwa zilipisha kumbukumbu inayoandikika kupitia soketi ya uchunguzi, kisha kompyuta za miaka ya karibuni zikaanza kudai sahihi ya kidijitali kabla ya kukubali namba mpya. Watengenezaji walisema wanalinda mazingira. Julai 2015 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, liliiandikia Ofisi ya Hakimiliki likipinga wenye magari kuruhusiwa kuingia ndani ya programu za magari yao, kwa hofu kwamba wataharibu udhibiti wa moshi. Septemba 18 mwaka huohuo EPA ikatoa notisi dhidi ya Volkswagen: baada ya vipimo vya barabarani vya Chuo Kikuu cha West Virginia, ilibainika kuwa programu ya kiwandani ilitambua iko maabara ikajistahi, na ikitoka barabarani ikaachia oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Wala jambo hilo halikuwa jipya. Mwaka 1998 waundaji saba wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins na Volvo, walikubali kulipa faini ya dola milioni 83.4 kwa sababu injini kama milioni 1.3 zilikuwa zikibadilisha muda wa kunyunyiza mafuta zikifika barabara kuu, ili kuokoa mafuta kwa gharama ya hewa. Kwa hiyo wanaoamini kwamba kiwanda ni mlinzi na gereji ni mwizi wana kesi ngumu ya kuitetea. Ramani za siri kubwa kuliko zote ziliandikwa na wenye ufunguo.

Hilo haliisafishi gereji. Ripoti ya EPA ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 nchini Marekani zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi hivi, na kwamba oksidi za nitrojeni za ziada zingezidi tani 570,000 katika maisha ya magari hayo. Peugeot 607 ilipoleta chujio la masizi mwaka 2000, moshi mweusi uliokuwa ukimkamatisha fundi wa skrubu ulianza kutoweka machoni. Kulikata chujio na kuiamuru kompyuta isahau kulitafuta kukawa huduma inayouzwa pamoja na nguvu. Uingereza ilianza mwaka 2014 kukagua kama kasha lake lipo, wajanja wakaacha kasha na kutoa tumbo. Husemwa kwamba gari moja si kitu. Fundi wa pampu angeweza kusema hivyo, kwa kuwa alibadilisha gari moja kwa siku na kila moja lilimshtaki kwa moshi wake. Faili la ramani hunakiliwa kwa dakika chache na kuuzwa nchi kumi.

Ujerumani ilishughulika na suala hili bila kulipiga marufuku. Kuongeza nguvu kunaruhusiwa, lakini gari likaguliwe na badiliko liandikwe kwenye hati zake; bila hivyo kibali chake cha kutembea barabarani kinakufa. Naona huo ndio utaratibu wa haki zaidi kuliko sahihi ya kidijitali, kwa sababu unamwachia mwenye gari akiba yake na kumlazimisha kuitaja mbele ya bima na mnunuzi. Kwetu jambo hili litakuja kwa njia ya mitumba. Kenya hupokea magari ya usukani wa kulia kutoka Japani na Uingereza yasiyozidi miaka minane, na dizeli ya Uingereza inaweza kuwa imepitia mikono ya fundi mmoja au watatu kabla ya kupanda meli. Kadi ya gari itaandika cc, na cc hazibadilishwi na ramani yoyote.