Upepo Haujui Mpaka

Wahenga wa Mombasa walizijua pepo kwa uzoefu. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni. Kusi ilipoingia, yalirejea kwao. Elimu hiyo ilimtosha nahodha, maana yeye alitaka kujua msimu. Rubani wa ndege hutaka kujua saa.

Mwaka 1929 iliundwa idara moja ya hali ya hewa, makao yake Nairobi, ikazihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Usafiri wa ndege ulipoenea, kazi yake ilizidi. Na Port Reitz, penye uwanja uliojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pakawa na vipimo vyake. Mwaka 1967 idara hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika idara yake. Je, mawingu nayo yaligawanywa? Hata kidogo.

Tazama jinsi kazi ilivyopangwa leo. Katika uwanja huo, ambao sasa huitwa Moi, mpimaji husoma joto, unyevu, mvua, upepo na kanieneo ya hewa. Tarakimu zake hupelekwa makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, huko Dagoretti, Nairobi. Hapo huunganishwa na za vituo vingine, na picha za setilaiti, na habari za nchi jirani. Watabiri huzichungua zote pamoja, kisha utabiri hurudi kwa rubani, mkulima na mvuvi. Tena, vituo teule vya ulimwengu hurusha maputo yenye vipimo kwa nyakati zile zile, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri.

Mpango huu huokoa roho za watu. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, wavuvi wa Kenya nao walionywa juu ya pepo kali na mawimbi makubwa. Onyo la namna hiyo haliwezi kutolewa na kituo kimoja, wala na nchi moja iliyojitenga.

Basi, nchi zilizoachana katika siasa hazikuweza kuachana katika hewa. Mpimaji wa Port Reitz aandikapo tarakimu yake usiku, humwandikia mtu asiyemjua, pengine ng'ambo ya mpaka. Naye akiikosea, kosa lake husafiri pamoja nayo.