Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Waya wa Nuru na Somo la Kwanza

Mnamo mwaka 1879 waya wa simu wa Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulifika Unguja ukitokea Aden, ukaendelea chini ya bahari hadi Msumbiji na Durban. Habari iliyokuwa ikingoja msimu na jahazi ikawa yafika kabla ya jua kutua. Lakini elimu ya waya ule iliandikwa kwa Kiingereza, na aliyeitaka ilimlazimu kwanza avuke bahari ya lugha.

Miaka 130 baadaye, Julai 2009, waya wa SEACOM ulifunguliwa, nao uliingia nchi kavu Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Huu haukubeba umeme wa simu ya zamani, bali nuru ndani ya nyuzi za kioo. Bara nako ukajengwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao awamu zake mbili za kwanza zilifikisha kilomita 7,560. Mkono wake mmoja hupitia Iringa na Mbeya hadi mipaka ya Tunduma na Kasumulu, katika ukanda uleule uliopitishiwa bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968 na Reli ya Uhuru iliyokamilika mwaka 1975.

Katika ukanda huo ndipo ilipo Chimala, mji mdogo wa Mbarali, baina ya mashamba ya mpunga ya Usangu na milima. Chimala imezoea kutazama mali za wengine zikipita. Je, na nuru nayo ipite vivyo hivyo? Kijana wa hapo atakaye kujua mtandao wa nyuzi za kioo aanzie wapi?

Somo lenyewe si gumu. Mwaka 1841 Daniel Colladon alionyesha mjini Geneva kwamba nuru hufuata mchirizi wa maji uliopinda. John Tyndall akalionyesha jambo hilo London mwaka 1854. Nuru ikigonga ukingo kwa mshazari mkali hurudi ndani. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walieleza kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kingeweza kubeba mawasiliano. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ilipata unyuzi uliobakiza takriban sehemu mbili kwa mia za nuru baada ya kilomita moja. Unyuzi wa leo hubakiza kiasi hicho baada ya kilomita 100 hivi.

Hata mfano wa kufundishia upo mlangoni. Barabara ipandayo kutoka Chimala kwenda Matamba ni maarufu kwa kona zake 57. Dereva akikata kona kwa kasi, gari huacha njia. Unyuzi nao ukikunjwa mno, nuru huvuja. Hilo ndilo funzo la awali la kila fundi.

Vitabu vya kuanzia havikosekani: cha Jeff Hecht kilitoka mwaka 1987, na chama cha mafundi kiitwacho Fiber Optic Association, kilichoundwa mwaka 1995, hutoa masomo bila malipo. Ila ni kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985, serikali haikukubali. Hata hivyo kazi haikulala. TUKI ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Istilahi, basi, zimeanza kupatikana. Kinachongojwa ni kijitabu. Nuru, unyuzi, kioo, ukingo, kuvuja: maneno haya washairi wa pwani wameyatumia karne nyingi, na mwalimu hahitaji kuyaazima. Akiyapanga kwa utaratibu, kijana wa Chimala atasoma somo la kwanza kwa lugha aliyocheza nayo utotoni, na Kiingereza cha vitabu vikubwa kitamkuta tayari anajua kinachozungumzwa.