Bunduki za kujitengenezea: Sheria haimsamehe fundi wa kujifurahisha

BUNDUKI iliyoundwa nyumbani ni silaha kamili mbele ya sheria za Kenya, hata kama aliyeiunda alifanya hivyo kwa kujifurahisha tu na hajawahi kumlenga mtu nayo. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika mji wa Kisumu na fuo za Ziwa Viktoria, ambako mikono inayojua kuchomelea na kutoboa chuma ni mingi, na ambako kijana fundi anaweza kuvunja sheria bila kutoka kibandani mwake.

Ufundi wa chuma katika eneo hili ni wa kale. Wasamia, wanaoishi kando ya ziwa mpakani mwa Kenya na Uganda, walisifika kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa kwa majirani wao Waluo. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, wakati huo ukiitwa Port Florence, ilileta ufundi mpya. Leo mafundi wa juakali mjini humo huunda majiko, masanduku, toroli na malango, na kazi hiyo hulisha familia nyingi.

Sheria yasemaje

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaeleza silaha kuwa kifaa chochote chenye mtutu kinachoweza kurusha risasi au kitu kingine na kuua. Haijali kama kifaa hicho kilitoka kiwandani au kiliundwa uani. Tena, sehemu za silaha nazo huhesabiwa kuwa silaha.

Anayetaka kumiliki bunduki sharti awe na cheti, ambacho siku hizi hutolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Anayeunda, kuuza au kukarabati silaha kama biashara sharti awe amesajiliwa kwa kazi hiyo. Fundi wa kujifurahisha anaweza kudai kwamba hafanyi biashara, lakini dai hilo halimwokoi: punde tu anapokuwa na silaha mkononi bila cheti, amekwisha kutenda kosa ambalo adhabu yake ni kifungo.

Kesi ya namna hii inapofika mahakamani, ushahidi wa mtaalamu wa silaha wa Idara ya Upelelezi wa Jinai huwa na uzito mkubwa. Mtaalamu huyo hukagua kifaa, hukijaribu kwa risasi na kuandika ripoti. Kikifyatua, ni silaha, hata kama kimefungwa kwa waya na mpira. Aidha, kutumia kifaa kinachofanana na bunduki kutenda uhalifu ni kosa, hata kama hakiwezi kufyatua chochote.

Hatari ya kifyatulio

Mbali na sheria, kuna hatari ya mwili. Kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga, kina kazi mbili. Ya kwanza ni kuachilia pigo linalowasha risasi. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kulizuia pigo hilo mpaka mwenye bunduki aamue.

Viwandani, vyuma vinavyofanya kazi hiyo hukatwa kwa vipimo vidogo mno, hukomazwa kwa moto na kupimwa tena na tena. Chuma cha kuokoteza huchakaa upesi na kuteleza. Bunduki ya namna hiyo inaweza kufyatuka ikianguka, ikigongwa au ikiwa bado mfukoni. Fundi anayejaribu kukifanya kifyatulio kiwe chepesi zaidi hupunguza kile kizuizi kilichokuwa kikimlinda. Mtutu nao, usipohimili nguvu za baruti, hupasuka usoni mwa mshikaji. Hivyo, huenda wa kwanza kuumia akawa fundi mwenyewe, au mtoto aliyekiokota kifaa hicho akidhani ni mwanasesere.

Kenya iliwahi kuyaona hayo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliokosa silaha walijiundia bunduki misituni, na nyingine ziliwapasukia mikononi. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa kali: Dedan Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957, baada ya kupatikana na hatia ya kumiliki bastola.

Nchi na nchi

Si kila nchi inayofuata mkondo mmoja. Nchini Marekani, sheria ya taifa humruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha ajiundie bunduki kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa majimbo kadhaa yameweka masharti. Hata huko, serikali ilikaza kamba mwaka wa 2022 kwa kuweka kanuni kuhusu vifurushi vya sehemu za kuunganisha, na Mahakama ya Juu ikaziidhinisha kanuni hizo Machi 2025.

Afrika Mashariki imechagua njia nyingine. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 21, 2004, inazitaka nchi wanachama ziharamishe uundaji wa silaha bila kibali. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na serikali: kiwanda cha Eldoret hutengeneza risasi, na kile cha bunduki kilifunguliwa Ruiru Aprili 2021. Silaha haramu zinazonaswa huteketezwa hadharani. Mwaka wa 2016 ziliteketezwa 5,250, na mwaka wa 2021 nyingine 5,144.

Anayeokota kifaa kama hicho, awe mvuvi ufuoni au fundi aliyeletewa akitengeneze, asikiguse wala kujaribu kukifungua. Na awaite polisi, au amwarifu chifu. Fundi anayekataa kazi hiyo hupoteza malipo ya siku moja, lakini hubaki na vidole vyake, uhuru wake na jina lake sokoni.